Furaha Iliyokatwa Njiani

Mvua ilikuwa imenyesha Tukuyu siku ya tisa mfululizo, na dirisha la chumba cha kuandikia lilikuwa na ukungu ndani na nje. Subilaga Mwakibete alijivalisha utepe wa mashine kichwani mwenyewe, kama alivyozoea, akausogeza mpaka ile sehemu ya baridi ikalala juu ya nyusi ya kushoto. Kisha akafungua daftari.

"Usiharakishe, mama," alisema Daktari Anyitike kutoka upande wa pili wa kioo. "Tuna asubuhi nzima."

Subilaga alikuwa akiandika habari za cherehani. Dada yake, Tusekile, alishona sare za shule kwa miaka zaidi ya arobaini katika chumba kimoja karibu na soko, na Subilaga alitaka kuusema ule mlio jinsi alivyousikia akiwa na miaka tisa, amelala juu ya marobota ya khaki chini ya meza. Aliandika kwamba cherehani ililia kama mvua kwenye bati. Akafuta. Kila kitu Tukuyu hulia kama mvua kwenye bati. Akaandika kwamba ililia kama mtu anayehesabu haraka, akafuta hilo pia. Nusu saa ikapita, na zaidi. Halafu akakumbuka kwamba dada yake alikuwa akiisimamisha cherehani kila baada ya muda ili asikie kama mdogo wake bado anapumua, na hapo akajua kuwa hakuwa akitafuta mlio. Alikuwa akitafuta ule ukimya wa katikati. Akaandika: Nilijua napendwa kila cherehani ilipokaa kimya.

Taa ndogo kwenye mashine ikageuka kutoka manjano ikawa kijani.

"Tumeipata," alisema daktari.

Subilaga aliitazama sentensi yake. Alijua ni nzuri. Alilijua hilo kama mtu anavyojua kwamba nyumba ya jirani imepakwa rangi. Zamani sentensi ya namna ile ingemwinua mezani, angezunguka chumbani akicheka peke yake mpaka chai ipoe. Sasa alihisi ubaridi wa utepe tu, na njaa kidogo.

Ugonjwa wa Tusekile watu waliuita ukavu. Ulikuja nyuma ya homa ya mwaka wa mafuriko. Wengi waliopata homa walipona, ila mmoja katika kila mia aliamka akiwa hataki kitu. Haikuwa huzuni. Mwenye huzuni anataka kitu na amekikosa. Mkavu hakutaka maji akiwa na kiu, wala hakutaka kugeuka akiwa ameulalia mkono wake. Alielewa kila alichoambiwa, na hakuna lililomgusa.

Wataalamu walijaribu kuwapelekea wagonjwa furaha za watu wenye afya. Walisoma ubongo wa mtu anayekula akiwa na njaa, wa shabiki timu yake inapofunga, wa mzazi anapopokea mtoto mchanga mikononi, kisha wakaupitisha ule umeme mdogo katika ubongo wa mgonjwa. Uliwaka kwa dakika chache ukazimika. Furaha moja tu ilidumu, nayo ilikuwa ya mtu anayeandika kwa ajili yake mwenyewe, pale anapokipata alichokuwa akikitafuta. Walieleza kwamba furaha hiyo hubeba safari nzima ndani yake: kutaka, kukosa, kujaribu tena, kupata. Aliyepewa hakupewa utamu peke yake. Alipewa pia ule utashi ulioutangulia, na kwa utashi huo aliweza kula, kuoga na kugombana na watu kwa siku nne au tano.

Lakini ubongo wa mgonjwa ulikubali tu ruwaza, yaani mpangilio wa ule umeme, ya mtu aliyejifunza kusema naye katika nyumba moja, na kati ya waliojifunza kusema katika nyumba ile, Tusekile alikuwa amebakiwa na mdogo wake tu. Isitoshe, mashine haikunakili. Ili ruwaza itoke safi, ilibidi ikatwe njiani, kabla haijamfikia aliyeitengeneza. Nayo ilitumika mara moja tu. Ikirudiwa, ubongo uliitambua kama kitendawili ambacho jibu lake linajulikana, na haukushtuka tena. Kila Tusekile alipoamka, kulikuwa na furaha moja ambayo Subilaga hakuionja. Miezi kumi na tisa ilikuwa imepita hivyo.

Daktari Anyitike alitoa punje kwenye mashine, kitu cha kioo kisichozidi mbegu ya papai, akasoma nguvu yake.

"Thelathini na moja," alisema. "Mwaka jana ulikuwa unatoa tisini."

"Sentensi ni nzuri kuliko za mwaka jana."

"Sina shaka, mama. Mashine haisomi sentensi."

*

Tusekile alikuwa chumba cha mwisho cha kituo cha matibabu, amekaa kitandani vile vile alivyokalishwa. Subilaga aliipachika punje kwenye utepe wa mgonjwa, akamfunga dada yake kichwani, akavuta kiti. Kwanza vidole vya miguu vilisogea vikitafuta ndala. Kisha macho yakaja.

"Ugonile," Subilaga alimwamkia kwa Kinyakyusa, kama walivyoamkiana kila asubuhi tangu utoto.

"Ndaga." Tusekile alitazama dirisha, akajipapasa kichwa. "Bado inanyesha? Na nani kanisuka hivi? Kanisuka kama mtoto wa chekechea."

"Muuguzi mpya."

"Mwambie nina miaka sitini na tatu."

Alikula sahani nzima ya ndizi na maharage, akaomba chai, akalalamika kwamba imepoa. Akauliza ni siku gani. Subilaga akamwambia ni Alhamisi.

"Na mara ya mwisho nilikuwa macho lini?"

"Jumatatu. Mpaka Jumanne mchana."

Tusekile alifikiri. "Zamani nilikuwa nakaa mpaka naisikia kengele ya kanisa Jumapili. Sasa siku moja. Hii dawa yenu inachacha?"

"Ni akiba ya kituo, dada. Wanaigawa kidogo kidogo, wagonjwa ni wengi."

Alikuwa amemwambia hivyo tangu siku ya kwanza: kwamba dawa inatoka kwenye akiba, kwamba watu wasiojulikana walijitolea zamani. Tusekile hakuwa ameuliza zaidi. Akiwa macho alikuwa na mengi ya kufanya kuliko kuuliza maswali. Alipenda kusimama barazani na kuwasema watu wanaopita na sare zilizokatwa vibaya mabegani.

"Unaandika bado?"

"Naandika."

"Nisomee kitu."

Subilaga alimsomea kile cha asubuhi. Tusekile alisikiliza akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, na sentensi ya mwisho ilipokwisha hakuondoa mkono mara moja.

"Kumbe ulijua," alisema. "Ulikuwa na pumu. Nilikuwa naogopa ukifa chini ya meza nisijue. Sikuwahi kumwambia mtu."

"Nilijua."

"Umeandika vizuri mno, Suba. Ulifurahi?"

"Nilifurahi."

Tusekile alimtazama kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akiitazama mishono ya mafundi wengine.

"Ulipokuwa mdogo ulikuwa unajificha stoo na daftari la shule," alisema. "Ukitoka humo uso unang'aa kama mtoto aliyeiba sukari. Nilikuwa najua umeandika kabla hujafungua mdomo. Sasa umenisomea maneno kama haya, na uso wako ni wa mtu aliyetoka kujaza fomu."

Subilaga aliinuka akaenda kuleta chai ya moto.

*

Daktari Anyitike alikuwa kijana mpole mwenye tabia ya kuvua miwani kabla ya kusema jambo baya. Aliivua.

"Ikiendelea hivi, zimebaki punje kumi au kumi na mbili," alisema. "Kila moja itakuwa hafifu kuliko iliyotangulia. Ya mwisho itamwamsha kwa saa chache tu. Baada ya hapo hakutakuwa na kitu cha kuchukua. Na sidhani kama kitaota tena."

"Nikipumzika?"

"Ukiandika bila utepe, furaha inaweza kurudi. Nimeona mmoja ikirudi baada ya wiki sita. Nimeona mwingine ikachukua miaka miwili. Ila mgonjwa asiyepewa kitu hafiki mbali. Tunamlisha kwa mpira, mapafu yanajaa maji, moyo unachoka. Siku sitini, mara chache sana sabini."

Subilaga alitazama mikono yake. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Alikuwa karani wa mahakama karibu maisha yake yote, akiandika maneno ya watu wengine kutwa, na jioni akarudi nyumbani kuandika ya kwake. Hakuwahi kuchapisha hata ukurasa. Mume wake alipofariki, aliandika. Mimba yake ya pekee ilipoharibika, aliandika. Hakuandika ili asahau. Kuna kitu kilikuwa kinamjia mwishoni mwa ukurasa, kama mtu anayempisha akae, na alipokaa aliweza kuibeba siku iliyofuata.

"Tuendelee," alisema.

"Siwezi kuamua na wewe tu. Karatasi ya ridhaa inaisha Ijumaa. Ile ya kwanza ulitia saini wewe kwa sababu yeye hakuweza kusema. Sasa akiwa macho anaweza, na lazima aambiwe dawa inatoka wapi."

"Mwambie inatoka kwenye akiba."

"Mama."

"Akijua atakataa. Unamjua. Utakuwa umemuua kwa kusema ukweli, daktari. Utalala vipi?"

"Silali vizuri hata sasa," alisema Anyitike, akavaa miwani. "Kesho saa nne nitakwenda kwake. Ningependa asikie kwako kwanza."

*

Subilaga alimwambia dada yake saa tatu asubuhi, wakiwa barazani, mvua ikiwa imepungua na kuwa manyunyu. Tusekile alikuwa akimenya ndizi mbivu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Huwa inakuja kwa namna ya ajabu," alisema hatimaye. "Naamka nikihisi nimekipata kitu nilichokuwa nakitafuta, ila sikumbuki kukitafuta. Nikadhani ndivyo dawa ilivyo. Kumbe nilikuwa nakula chako."

"Ni uandishi tu, dada. Watu wangapi hawaandiki na wanaishi?"

"Mimi sikuandika nikaishi. Nilikuwa na cherehani, nilikuwa na kwaya, nilikuwa na mdomo. Wewe ulikuwa na nini kingine?"

"Nilikuwa na wewe."

Tusekile alitikisa kichwa. "Una mimi siku moja moja tu. Wiki ijayo nusu siku. Halafu utakuwa huna mimi, na hicho kingine pia huna. Nani alikufundisha hesabu?"

"Wewe."

"Basi nilifundisha vibaya."

Subilaga alianza kulia, naye alilia kama alivyofanya kila kitu mwaka ule, kwa kujua kwamba analia. Akasema maneno aliyokuwa ameyapanga tangu jana: kwamba Tusekile ndiye aliyemlea, kwamba aliacha shule darasa la saba ili yeye aje asome, kwamba hakuna kalamu inayozidi uzito wa hilo. Tusekile alimsubiri amalize.

"Nilipoacha shule hukuniomba," alisema. "Niliamua mwenyewe, na nilijua ninachotoa. Wewe ulinilisha bila kuniambia. Hiyo si sawa, Suba. Umenifanya mwizi nikiwa usingizini."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila sitaki tena."

"Unajua maana yake?"

"Mimi ndiye ninayekaa mle ndani. Unadhani sijui? Hakuna maumivu. Nakuona ukiingia, nakusikia ukisoma, na ni kama naangalia ukuta. Hata kufa kutakuwa hivyo hivyo." Alimega ndizi akampa nusu. "Leo naogopa, kwa sababu leo nina akili ya kuogopa. Kesho sitaogopa. Afadhali tuseme leo."

Daktari alipokuja saa nne, Tusekile aliisoma karatasi yote, ikiwa ni pamoja na maandishi madogo ya chini, akatia saini upande wa kukataa. Akamwuliza daktari kama ameoa. Alipojibiwa hapana, akamwambia atafute mtu wa kumpigia pasi mashati au ajifunze mwenyewe.

Punje iliisha saa saba na dakika kumi. Alikuwa akisimulia habari za mteja mmoja aliyeleta kitambaa cha pazia akitaka suti, akafika pale mteja anaporudi kujaribu koti, akanyamaza. Mkono wake ulibaki hewani kidogo, ukionyesha urefu wa mkono wa koti, kisha ukashuka wenyewe.

Nje ya chumba, Anyitike alimfikia Subilaga akamshika bega.

"Nikuambie jambo moja tu, halafu sitalirudia," alisema kwa sauti ya chini. "Ile karatasi inanizuia mimi kukuomba. Haikuzuii wewe kujitolea. Kama ile furaha itarudi ndani ya siku sitini, ikawa na nguvu kama ya zamani, punje moja ingemrudisha kwa siku tano. Tungeanza upya, taratibu. Utepe uko chumba cha pili."

*

Subilaga alipanga chumba karibu na kituo, akawa anakuja kila asubuhi na daftari. Alikaa upande wa dirisha. Wauguzi walimgeuza Tusekile kila saa mbili, wakamsafisha, wakamlisha kwa mpira, na yeye aliandika yote hayo. Aliandika jina la mafuta waliyompaka. Aliandika jinsi alivyowatazama bila kuwafuata kwa macho. Siku ya kumi hakuhisi chochote. Siku ya ishirini alihisi aibu kidogo kwamba anaandika, na akaichukua aibu hiyo kama habari njema, kisha ikapotea.

Siku ya thelathini mapafu ya Tusekile yalianza kutoa mlio. Siku ya thelathini na sita walimwekea hewa.

Mvua zilikwisha. Mashine za kuchuma chai zilianza kupita mashambani, moja baada ya nyingine, bila watu. Siku ya arobaini na mbili, saa nne hivi, muuguzi alikuja kumkata Tusekile kucha, akaondoka, akauacha mkono wake wa kulia juu ya shuka. Subilaga aliutazama. Kwenye kidole cha shahada kulikuwa na sugu ndogo ya kazi, na sugu ile ilikuwa imelainika. Miaka miwili bila sindano ilikuwa imeiyeyusha. Alijaribu kuliandika hilo. Aliandika kwamba mkono umesahau. Akafuta, kwa sababu mkono haukuwa umesahau kitu, ulikuwa umeachiliwa. Akaandika kwamba mkono umepumzika, akafuta, kwa sababu huo ulikuwa uongo wa msibani. Alifuta mara sita au saba. Jua lilifika ukingoni mwa kitanda. Hatimaye akaandika kwamba dada yake alikuwa anarudishiwa mkono aliozaliwa nao, kidole kimoja kimoja, na hakuna aliyekuwepo ndani kuupokea.

Kikaja.

Hakikuja taratibu. Kilimpanda kutoka tumboni, kikamjaa kifuani, kikamfanya aweke kalamu chini na kushika ukingo wa kiti. Kilikuwa kile kile, chote, kama vile hakijawahi kuguswa. Alisikia uso wake ukifunguka. Alitaka kuinuka azunguke chumbani. Mbele yake dada yake alikuwa akivuta pumzi kwa mlio wa maji, naye alikuwa anafurahi, na alijua anachofurahia. Aliziba mdomo kwa kiganja ili asicheke.

Chumba cha pili kilikuwa hatua nane kutoka pale. Sentensi hii ilikuwa imeshapita, ila aliijua njia sasa. Nyingine ingekuja, kesho au leo hii hii, na angeweza kuiandika akiwa na utepe kichwani. Siku tano. Tusekile angeamka akilalamikia nywele. Tusekile angeuliza dawa imetoka wapi.

Mlango ulifunguliwa. Daktari Anyitike alikuwa na vipimo vya asubuhi mkononi. Alimtazama mgonjwa kwanza, kisha akamtazama Subilaga, na akaacha kuangalia vipimo.

"Mama," alisema. "Imerudi?"

Subilaga alisikia majibu mawili ndani yake, yote mawili yakimwambia akatae, na kila moja lilikuwa na sababu nzuri. Lipo lile ambalo dada yake aliliomba akiwa na akili zake, akalitia saini. Na lipo hili lililotoka kwenye furaha iliyokuwa imemjaa kifuani, ambayo hakutaka kuitoa tena, kwa mtu yeyote. Alijaribu kujua ni lipi linalosema, na hakuweza kuyatenganisha.

"Hapana," alisema.

Daktari akaandika kitu kwenye karatasi yake akatoka, akaufunga mlango polepole.

Tusekile alifariki siku ya hamsini na tatu, asubuhi, wakati wauguzi wakimgeuza. Wakamzika Jumamosi, na kwaya ya zamani ilikuja, wale waliobaki. Subilaga alirudi nyumbani kwake, akafua nguo, akafagia, akakaa mezani kuiandika asubuhi ile aliyokufa dada yake. Ilimchukua siku nne kuipata sawasawa. Alipoipata, furaha ilikuja yote, na alikaa nayo peke yake mpaka ikaisha.